Twalibu Atafuta Watu wa Kuwaandikia

Kila asubuhi Twalibu alibeba meza yake kichwani. Aliiweka mbele ya boma la Kisarawe. Akapanga karatasi, wino na kalamu. Kisha akakaa, akangoja watu wa kuwaandikia barua. Watu walipita. Hakuna aliyesimama.

Jioni alibeba meza yake, akarudi chumbani. Alipanga kwa Bi Mwanamkuu, mama mmoja mjane. Katika nyumba za jirani watu waliitana kula. Watoto walicheka na kugombana. Kwa Twalibu kulikuwa kimya. Alichemsha muhogo, akala peke yake. Siku nyingine alikisemesha chungu. "Leo pia hawakuja, mwenzangu." Maskini! Chungu kingejibu nini?

Twalibu hakuwa mvivu. Zamani alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Mlandizi. Bei ya mkonge ilipoanguka, makarani wengi walipunguzwa. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shamba, basi akaipoteza pamoja na kazi. Mkewe, Mwanaasha, akachukuliwa na baba yake, Mzee Mwinyijuma, akarudishwa kwao Vihingo.

Mzee alisema wazi mbele ya watu: "Mpunga ukishavunwa, kama huyu hana kazi ya kueleweka, aniletee talaka ya binti yangu."

Twalibu alimpenda sana mkewe. Na mpunga ulikuwa umeshaanza kutoa masuke.

Siku moja mtu mmoja aliikaribia meza yake. Alikuwa Mzee Mashaka, mkulima wa Kibuta. Twalibu alifurahi mno. Akaweka sawa kofia yake ya helmeti. Akashika kalamu, akauliza kama alivyozoea kule shambani:

"Jina lako? Kijiji chako? Jumbe wako nani?"

Mzee Mashaka akarudi nyuma. "Aa, bwana, mimi napita tu. Kodi nimeshalipa!" Akaondoka mbio, na kikapu chake kikimpiga mgongoni.

Jioni ile Bi Mwanamkuu alikuwa uani, anasuka ukili wa mkeka. Alimwita.

"Shikamoo, mama," alisema Twalibu.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeandika barua ngapi?"

"Hata moja."

"Na jana?"

"Jana pia. Lakini kizuri chajiuza, mama. Hati yangu nzuri. Watakuja tu."

Bi Mwanamkuu aliacha ukili. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kizuri chajiuza kikionekana! Nani ameiona hati yako? Wanaona helmeti na kaptula ya kaki. Umekaa mbele ya boma, una karatasi, halafu unamwuliza mtu jumbe wake nani! Mji mzima unasema wewe ni karani wa kodi. Hata mimi ningekukimbia."

Twalibu aliinamisha kichwa. Aliona aibu. Tena alitaka kulia.

"Usihuzunike," alisema Bi Mwanamkuu. "Sikiliza. Mimi ni kungwi. Nimewafunda wasichana wengi wa hapa wakati wa kutolewa ndani. Umewahi kunisikia napiga mbiu mjini?"

"Hapana."

"Lakini wananifuata. Kwa nini? Wananijua. Na sijatoa siri ya mwali hata mmoja. Barua ni hivyo hivyo. Mtu anayekueleza barua yake anavua nguo mbele yako. Nani atavua nguo mbele ya askari wa boma?"

"Basi nifanye nini, mama?"

"Vua hiyo kofia, vaa kanzu. Meza ilete barazani kwangu. Watu wote wa gulioni wanapita hapa. Nitakutundikia mkeka pembeni, mwenye haya akae nyuma yake, aseme yake. Na bei itaje kabla hujachovya kalamu. Mtu akiogopa bei, maneno yote yanamtoka kichwani."

"Na wa mbali watajuaje kama nipo?"

"Utawaendea. Lakini si kwa kujisifu! Kibuta kuna matanga, mume wa Bi Mboni amefariki. Twende. Pasua kuni kama wenzako. Biashara usiitaje. Shida ikijitokeza, isaidie."

Wakaenda. Twalibu alipasua kuni, akachota maji, akakaa jamvini na wanaume. Ikajitokeza shida kweli. Marehemu alikuwa na mdogo wake Bagamoyo, naye hajui kama kaka yake amekufa. Wanaume walibishana nani aende. Kila mmoja alikuwa na udhuru.

Twalibu akasema taratibu, "Bi Mboni akipenda, nitamwandikia."

Akaletewa kinu, akakifanya meza. Akaanza kwa sauti: "Kwa heshima na taadhima, napenda kukuarifu..."

"Siyo hivyo, mwanangu," alisema Bi Mboni. "Hayo si maneno yangu. Mwambie: Shemeji, kaka yako ametutoka. Siku ya mwisho aliuliza, mdogo wangu amefika?"

Twalibu aliikunja ile karatasi. Akachukua nyingine. Akaandika neno kwa neno, kisha akamsomea. Bi Mboni alilia sana.

"Ndiyo," alisema. "Hayo ndiyo yangu. Nikupe nini?"

"Usinipe kitu, mama. Hii ndiyo rambirambi yangu."

Mzee Mashaka alikuwa pale pale. Akapiga makofi. "Lo! Kumbe si karani wa kodi!" Watu wakacheka, matangani humo humo.

Tangu siku hiyo watu walianza kuja barazani. Mmoja alimleta shangazi yake, shangazi akamleta jirani. Twalibu alitaja bei kwanza. Aliandika maneno ya mwenye barua, si maneno ya karani. Alimsomea mpaka mwenyewe aseme, "Hapo sawa." Karatasi iliyoharibika aliichoma mbele ya macho ya mwenye barua. Na alipomwona mtu njiani siku nyingine, alimwuliza, "Je, majibu yamekuja? Yakija lete, nitakusomea bure." Nani angemwacha mtu kama huyo akaenda kwa mwingine?

Lakini jioni ilikuwa jioni ile ile. Mchana alisikia huzuni za watu, na usiku alilala na yake. Watu walimwambia yote. Yeye hakuwa na wa kumwambia kwamba anamkumbuka Mwanaasha mpaka kifua kinauma. Na mpunga ulikuwa umeiva.

Siku moja mwanamke aliingia nyuma ya mkeka. Alikohoa kidogo, kisha akasema. Twalibu aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Biubwa!

Nanyi mnajua mila. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawakai jamvi moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Lakini pale kulikuwa na mkeka katikati. Wote wawili walijua. Wote wawili wakajifanya hawajui.

"Mwandikie mwanangu Salumu, aliyeko Tanga," alisema Bi Biubwa. "Baba yake alimfukuza, na jina lake limekatazwa nyumbani. Mwambie arudi. Mwambie kila nikipika wali namwekea ukoko, mpaka unakauka. Mwambie dada yake anakonda kwa kumngoja mumewe. Na baba yake asijue kwamba nimeandika."

Twalibu akachovya kalamu. Akaandika yote. Akasoma.

"Hapo sawa," ilisema ile sauti. Kisha nyayo zikaondoka.

Haikupita wiki, Mzee Mwinyijuma akaja mwenyewe. Alikataa kukaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mke wangu alionekana hapa. Alimwandikia nani? Alisema nini?"

"Baba, wanaokaa nyuma ya mkeka siwajui."

"Unamjua! Sikia, Twalibu. Niambie, na kesho nakuletea mkeo. Usiponiambia, nataka talaka ya binti yangu."

Angesema jina moja tu, Salumu, Mwanaasha angerudi. Nani angejua?

"Nisamehe, baba. Siwezi. Nikisema la mwingine leo, kesho nitasema lako."

Mzee alimtazama kwa hasira. Akageuka, akaenda zake.

Twalibu aliingia chumbani, akalia kama mtoto. Bi Mwanamkuu akaja mlangoni. "Kuna nini, mwanangu?" Hakumwambia. Hata hilo lilikuwa siri ya mtu.

Siku ya gulio Mzee Mwinyijuma akarudi. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Halafu yeye mwenyewe akaingia nyuma ya mkeka. Akakaa.

"Andika," alisema.

"Kwa nani, baba?"

"Kwa Salumu. Mwanangu. Yuko Tanga." Akashusha sauti. "Mwambie arudi. Mwambie nilikasirika, na hasira imekwisha zamani. Nyumba ina kimya, na mimi nimezeeka. Lakini mke wangu asijue! Nilikataza jina la mtoto mimi mwenyewe, nitamtazamaje?"

Twalibu akaandika. Akamsomea. Nyuma ya mkeka alisikia mzee anapenga kamasi.

"Juzi nilikuchukia," alisema mzee. "Nikarudi nyumbani, nikawaza. Huyu hakutoa siri ya mke wangu hata kwa ajili ya mkewe. Basi na yangu itakaa. Mtu kama wewe ana nyumba, hata kama ni chumba kimoja. Haya, nenda uani umpokee mwenzio mzigo, umemwelemea."

Twalibu alitoka mbio. Mwanaasha alikuwa amesimama uani, na mzigo kichwani. Alikuwa amekonda kweli. Twalibu alisahau kuupokea mzigo. Alisimama tu, machozi yanamtoka, mpaka Bi Mwanamkuu akasema, "Ebo! Mtue mwenzio!"

Jioni ile Mwanaasha alipika. Wakala pamoja.

"Baba alitaka nini pale nyuma ya mkeka?" aliuliza.

"Mkeka gani?" alisema Twalibu.

Barua mbili zilikwenda Tanga, na Salumu akarudi Vihingo kabla ya Maulidi, naye akatunza siri zote mbili. Mama yake alimshukuru Mungu kwa barua aliyoiandikisha. Baba yake alimshukuru Mungu kwa barua aliyoiandikisha. Kila mmoja alijua kwamba ni yake iliyomrudisha mtoto, na kila mmoja alimwonea huruma mwenzake asiyejua. Watu wa Vihingo wakazidi kuja barazani kwa Twalibu, na waliotangulia kuja walikuwa hao wazee wawili, kila mtu kwa siku yake.