Nani Kapata Mdudu?

Haya yalimpata baba yangu mzazi, si mtu wa kusikia kwa jirani. Hapa Delta, mji wetu wa jangwani, watu watakuambia Baba, Garn, alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Sibishani nao, maana moyo nao ulikuwamo.

Baba na mdogo wake Thayne walilima majani ya ng'ombe wiki nzima, na Jumamosi walikuwa watu wa wadudu. Wadudu wenyewe ni wa mawe, wale trilobiti waliotambaa chini ya bahari enzi za Kambri, mamilioni ya miaka iliyopita, wakati jangwa letu la magharibi lilikuwa maji matupu. Sasa ni mwamba wa matabaka, mweusi na mkavu. Unauwekea tindo ubavuni, unagonga taratibu, bamba linafunguka na mdudu huyo hapo, mbavu zake zote zikiwa mahali pake. Hawakuwa wasomi wala hawakuuza. Ulikuwa ugonjwa tu, kama wengine walivyo na ugonjwa wa kuvua samaki. Mimi vumbi lile silipendi hata kidogo. Niliwafungia mikate, nikabaki na mashine ya kufunga majani.

Kule mlimani walikuwa na shimo lao, limekatwa katikati na ukingo mrefu wa mwamba. Baba alichimba upande wa jua, Thayne upande wa kivuli. Hawakuonana, na upepo wa bonde lile unachukua sauti ya mtu hata akipiga kelele. Kwa hiyo waliitana kwa nyundo. Ukipata mdudu mzuri unagonga mwamba mara tatu, maana yake njoo uone. Mwenzako anajibu mara mbili, maana yake nakuja. Ilikuwa sheria yao tangu ujana. Ukiitwa unaweka nyundo chini, unakwenda, na unakubali kuchekwa.

"Kaka, huo mkono wako wa kushoto unawatisha wadudu," Thayne alikuwa akimwambia, maana Baba alitumia kushoto na alama za nyundo yake zililala upande tofauti na za watu wote. "Wakikusikia wanahamia kwangu."

"Wanakuja kwako kwa sababu unanuka kama wao," Baba alijibu.

Jumamosi ile ya mwisho wa kiangazi iliwakuta vivyo hivyo. Asubuhi Thayne alipakia mabamba kwenye pikapu, ya kupasua nyumbani wakati wa baridi, kisha kila mmoja akashika upande wake. Jua lilipoanza kushuka, Baba aliendesha hadi penye mtandao akapiga simu. Ukuta wa upande wa kivuli ulikuwa umeanguka. Thayne alikuwa amechimba sana chini yake, akifuata tabaka zuri, na mwamba ukamlalia kifuani.

Kanisani watu walileta viazi vya jibini na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo sijui nani aliiruhusu misibani. Mama mdogo Arvilla, mjane wa Thayne, hakugusa chochote. Alimshika Baba mkono mbele yangu.

"Shemeji, niambie ukweli. Aliita?"

"Hakuwahi," Baba alisema. "Ulimwangukia, ikawa basi. Hakujua hata kilichompata."

"Hakugonga?"

"Hakugonga, Arvilla."

Nilimwona mama wa watu akishusha mabega. Neno lile ndilo lililomsimamisha. Alilirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: hakujua hata kilichompata. Aliniambia mimi mwenyewe kwamba bila neno hilo asingeweza kulala katika kitanda kile.

Baba ndiye aliyeacha kulala.

Mabamba ya siku ile yalikuwa bado bandani, nyuma ya jikoni, yamepangwa vile vile Thayne alivyoyapanga. Baba hakuyagusa. Baridi ilipoingia, nikaanza kumkuta asubuhi amesimama mbele ya mlango wa banda, soksi miguuni, kofia mkononi. Nikimuuliza anasema anasikiliza panya.

"Panya gani, Baba? Paka amenenepa hapa mpaka hawezi kuruka."

"Nenda ndani, Nedra."

Hakunigeuzia uso.

Jumapili moja tulikuwa mezani baada ya ibada, sisi wawili na mama mdogo. Jua la baridi lilikuwa limejaa jikoni. Mama mdogo alikuwa ananisema kwamba nyama yangu ni ngumu, anataka kujua kama ng'ombe huyo alikufa au alijiua. Tukacheka. Hata Baba alicheka kidogo.

Ndipo ikaja kutoka bandani.

Ko. Ko. Ko.

Mama mdogo aliinua uso, na uso ule ulikuwa na furaha. Ilimtoka kabla hajafikiri, kama ilivyokuwa ikimtoka miaka yote alipokwenda nao mlimani na kapu la chakula.

"Nani kapata mdudu?" alisema.

Kisha akakumbuka. Kijiko kikabaki hewani.

Baba alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Ni bomba la maji," nikasema. "Linaganda."

"Ndiyo," mama mdogo akajibu polepole. "Baridi kali mwaka huu." Lakini alikuwa anamtazama Baba, na aliendelea kumtazama mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake Baba alipakia mabamba yote kwenye pikapu. Pamoja nayo alichukua mdudu mkubwa kutoka kabatini, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, aliyempata siku ile ile Thayne alipokufa. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Akaniambia nimsindikize, hataki kwenda peke yake. Baba yangu hakuwahi kuniambia maneno hayo maishani mwake.

Njiani, vumbi likituinukia nyuma, aliongea akiangalia barabara.

"Aligonga, Nedra."

Nilimgeukia.

"Mdudu huyu alikuwa ametoka nusu. Ukimkosea pigo moja amevunjika. Thayne akagonga mara tatu. Nikasema, huyu anataka kuniringia, ngoja. Baadaye akagonga tena. Nikasema ngoja kidogo. Nilisikia mwamba ukishuka mapema, kabla hajagonga, lakini kule mawe yanashuka kila siku. Akagonga tena. Yale ya mwisho yalikuwa madogo sana. Mtu anayeringa hagongi vile. Nilijua. Mkono ulijua. Nikamalizia mdudu kwanza."

"Baba."

"Nilipofika alikuwa bado wa moto. Nyundo ilikuwa mkononi. Niliitoa, nikaichomeka mkandani mwake, ili watu wasijue alikuwa anagonga. Vidole vilikataa, Nedra. Nilivifungua kimoja kimoja."

Sikujua nimguse au nimpige. Nilifanya vyote viwili, nikampiga begani na mkono ukabaki palepale.

Tulifika mchana kweupe. Hakukuwa na upepo, jambo ambalo pale halitokei. Ukingo ulikuwa umesimama, na nyuma yake lile rundo la mawe. Baba alitupa mabamba moja moja upande wa jua. Yule mdudu mkubwa alimlaza chini kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akavua kofia.

"Nimewarudisha," alisema kwa sauti ndogo. "Wote."

Ko. Ko. Ko.

Ilitoka nyuma ya ukingo. Upande wa kivuli.

Nilimshika mkono. Tulikuwa peke yetu. Kutoka pale hadi barabara kuu hakukuwa na gari, hakukuwa na mbuzi, hakukuwa na ndege.

Ko. Ko. Ko.

"Jibu," nikanong'ona. Sijui kwa nini nilisema vile. Nilitaka tu inyamaze. "Baba, jibu. Gonga mara mbili."

Alichomoa nyundo. Aliinua mkono wake wa kushoto. Nyundo ikasimama juu ya mwamba.

"Nikijibu," alinong'ona, "nimekubali kwamba nilisikia."

"Ulisikia."

"Ndiyo. Lakini yeye hajui."

Ko. Ko.

La tatu lilichelewa. Likaja dogo. Kama ukucha.

Baba alitupa nyundo na kukimbia. Mzee wa miaka ile, na magoti yale. Nilimfuata. Niliendesha mimi, na sikuangalia kioo cha nyuma mpaka tulipoona mashamba.

Nyumbani nilifungua nyuma ya pikapu ili nifagie vumbi. Kulikuwa na bamba moja. Nene, halijapasuliwa, limelala katikati kabisa. Nilikuwa nimemwona Baba akitupa la mwisho. Nilikuwa nimeona sakafu ya pikapu ikiwa tupu.

Na mama mdogo Arvilla alikuwa amesimama mlangoni kwetu, koti mwilini. Mkononi alikuwa na nyundo ya marehemu mumewe.

"Mmetoka kule," alisema.

"Tulikwenda mara moja tu," nikajibu.

"Shemeji, nimekuja na swali lilelile." Alishuka ngazi, akaja hadi kwenye pikapu. Akaliona bamba. "Hili alilipakia yeye. Naijua chaki yake."

Kweli pembeni kulikuwa na herufi ya Thayne, ile aliyoweka kwenye mawe anayoyatumainia. Mama mdogo alichukua tindo kutoka kwenye kisanduku cha Baba. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa amepasua mawe na wale wawili tangu alipoolewa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wao wote. Aligonga ubavuni, akageuza, akagonga. Bamba lilifunguka kama mlango.

Hakukuwa na mdudu ndani.

Kulikuwa na alama za nyundo. Mpya, nyeupe juu ya jiwe jeusi, unga wake bado umo. Ndani ya jiwe ambalo halijawahi kufunguliwa tangu lilipokuwa tope la bahari. Tatu. Nafasi. Tatu. Nafasi. Tatu. Zilianzia juu kwa nguvu, zikashuka safu kwa safu hadi chini, na kila safu ilikuwa nyepesi kuliko ya juu yake. Za mwisho zilikuwa mikwaruzo tu. Zote zimelala kulia, kama za watu wote.

Mama mdogo alipitisha kidole juu yake. Alianza juu, akaenda hadi chini, wala hakuruka hata moja.

"Nilisikia," Baba alisema. Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe. "Arvilla, nilisikia. Nilikuwa na mdudu. Nilisema ngoja kidogo."

Mama mdogo alimtazama. Nilitamani ampige. Nilitamani alie.

"Alikuita kutwa nzima," alisema.

Akafunga nusu mbili za bamba, akalikumbatia kifuani, akaondoka nalo kwa miguu. Nilijua kwamba usiku ule kitanda kingemshinda. Neno lililomsimamisha sisi ndio tuliolichukua, na hatukuwa na lingine la kumpa.

Baada ya hapo mama mdogo hakuja tena Jumapili. Kanisani alikaa safu ya mbele, tukawa tunauona mgongo wake. Banda lilikuwa tupu, lakini Baba aliendelea kusimama mlangoni pake, akiwa ameinamisha kichwa. Wakati mwingine niliona mkono wake wa kushoto ukipiga hewa kidogo, mara mbili, na kusita. Majira ya mvua chache za Aprili nilimkuta amelala pale pale, sikio limegusa ukuta wa mbao. Daktari akasema moyo.

Mama mdogo alikuja mazishini. Alisimama mbali, lakini alikuja. Tulipomaliza akanigusa kiwiko.

"Twende kwangu, mwanangu. Kuna kitu nataka ukione mwenyewe, nisije nikaonekana mwehu."

Bamba lilikuwa juu ya kabati chumbani kwake, limefungwa kwa kitambaa na kamba. Fundo lilikuwa la zamani, limeshika vumbi. Alinipa mimi nilifungue, na ilibidi nitumie meno.

Alama zote zilikuwepo, safu kwa safu, mpaka ile mikwaruzo ya mwisho. Nilitaka kufunika.

"Chini yake," alisema mama mdogo.

Chini ya mikwaruzo, mahali ambapo jiwe lilikuwa laini siku ile alipolipasua mbele yetu, kulikuwa na alama mbili. Zenye nguvu. Nyeupe, unga wake ukanishika kidoleni.

Zilikuwa zimelala kushoto.

Nililia pale, na sioni haya kusema. Nililia kama mtu aliyesamehewa. Nilimgeukia mama mdogo nikidhani naye analia.

Alikuwa anatazama zile mbili kwa macho makavu. Aliweka nusu moja juu ya nyingine, akakunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akafunga kamba.

"Kachelewa," alisema.

Tulisimama pale tukisikiliza, na ndani ya kitambaa hakukutoka hata pigo moja.