Majivu Nyuma ya Friji

Walikutana kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, mwisho wa mwezi, watu wamebanana kama misumari ndani ya pakiti. Mwanamke alivaa gauni la bluu iliyokoza, lenye mkanda alioushona mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Alimtaka muuzaji ampe wavu wenye matundu madogo kuliko wa kuku. Nyuma yake alisimama fundi wa majokofu, ovaroli imepigwa pasi, mikono imesuguliwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Unafuga nini, dada, hewa?" fundi akauliza.

"Nafuga wanaooga vumbi," alijibu bila kugeuka, "na bado ni wasafi kukushinda wewe."

Alisema kweli. Mteja wake aliyehamia ng'ambo alimwachia chinchila wawili, wanyama wa kijivu, wakubwa kuliko panya, wadogo kuliko sungura, masikio ya duara na manyoya laini kuliko pamba. Hawaoshwi kwa maji. Hujigaragaza ndani ya beseni la vumbi laini, wakatoka wanang'aa. Mchana hulala, jioni huamka na kuruka huku na huku. Joto huwaua. Mmoja alimwita Wingu, mwingine Majivu.

Kwa sababu ya joto hilo, fundi alikuja kufunga kiyoyozi. Kiyoyozi kikakamilika, yeye akaendelea kuja. Akamwita mwanamke "roho yangu". Naye akaitwa "Barafu". Simu zao za jioni zilikuwa ndefu kuliko habari walizokuwa nazo.

Jambo moja fundi hakulisema sawasawa. Alidai anatengeneza majokofu ya aiskrimu katika duka kubwa la mjini. Ukweli ni kwamba alitunza mashine za chumba cha maiti hospitalini. Mchumba wake wa kwanza, alipojua, aliacha kula chochote alichokigusa, kisha akaacha kuja kabisa. Hivyo kila jioni, kabla ya kwenda kwa mshona mapazia, fundi alisimama kwenye bomba la wafanyakazi akajisugua kwa sabuni ya ndimu mpaka viwikoni. Chinchila hawakuipenda harufu ile. Akinyoosha mkono, wanakimbilia pembeni.

Mwanamke naye aliinusa. Nyumbani kwake hapakuwa na sabuni ya ndimu. Alimpigia simu shangazi yake, na shangazi hakupepesa maneno: mwanamume anayekuja kwako akinukia sabuni ngeni, ana beseni lingine mahali.

Ikafika siku ya jua kali, kiyoyozi kikazima. Fundi aliahidi kuja saa sita. Lakini asubuhi ileile mashine ya chumba cha maiti nayo ilikufa, na nje ya mlango walikaa wafiwa wakisubiri kuwachukua wapendwa wao. Simu yake aliiacha kwenye koti. Mwanamke alipiga mpaka vidole vikachoka. Aliweka chupa za barafu ndani ya kizimba, akapepea kwa kipande cha kadibodi. Alasiri, Wingu alilala ubavu, akapumua haraka haraka, kisha akatulia.

Fundi alitokea jioni, ananukia ndimu.

"Kazi ilinibana," alisema.

"Kazi ipi? Nimepiga simu dukani. Hawajui fundi kama wewe."

Hapo angeweza kusema. Alitazama mikono yake, akaitia mifukoni. Mwanamke alimfungulia mlango, naye akatoka na sanduku lake la vifaa. Kiyoyozi kikaja kutengenezwa na mtu mwingine.

Wiki zikapita. Majivu hakuzoea upweke. Alikula kidogo, akatafuna nyaya za kizimba, akalala upande mmoja tu, upande wa pili akauacha wazi kama bado una mwenyewe. Jioni moja wavu ulilegea, akachomoka. Mwanamke alimfukuza kati ya marobota ya vitambaa mpaka jikoni, akamdaka mgongoni. Kiganjani yakabaki manyoya, kwa kuwa chinchila akishikwa kwa nguvu humwachia mshikaji manyoya yake. Mnyama aliingia nyuma ya friji, kwenye tundu la chini, karibu na mota ya moto.

Alimpigia mtu pekee aliyemjua anayeweza kufungua friji bila kuua kilichomo.

"Ni mimi. Majivu yuko ndani ya friji, kwa nyuma. Nimebaki na manyoya tu."

"Chomoa waya. Usiisogeze, itambana. Nakuja."

Alifika haraka, anahema. Alipoinama kufungua skrubu za nyuma, mwanamke alirudi hatua. Haikuwa ndimu. Ilikuwa harufu kali, ya dawa, inayopanda puani na kukaa. Aliijua. Aliinusa siku walipokwenda kumchukua baba yake.

Walimwona Majivu amejikunja kwenye kona, mzima, anatetemeka. Mwanamke aliziba mlango kwa marobota, akaweka beseni la vumbi katikati ya sakafu, akazima taa. Wakakaa chini, migongo ukutani, kwa kuwa mnyama yule hafukuzwi. Husubiriwa.

"Unafanya kazi chumba cha maiti," mwanamke alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na siku ile?"

"Mashine ilizima. Kulikuwa na wafiwa mlangoni. Nisingeweza kuwaacha."

"Ungeniambia, ningewaelewa. Mimi nilikaa hapa na Wingu nikiwaza umo bafuni kwa mwanamke mwingine."

"Niliogopa usije ukaacha kula nilichogusa."

Mwanamke alilia bila sauti. Fundi hakumgusa, aliweka kiganja chake sakafuni, kimefunguka, akakiacha hapo. Baada ya kitambo masharubu yalitokea chini ya friji, kisha masikio. Majivu alivuka sakafu, akakanyaga kile kiganja ambacho hakijaoshwa, akasimama juu yake akinusa, ndipo akaruka ndani ya beseni. Alijigaragaza upande mmoja tu. Mwanamke akalifunika beseni taratibu kwa kizimba.

Fundi aliirudishia friji skrubu zake, akachukua sanduku. Hakuomba msamaha, wala hakuambiwa kwamba amesamehewa. Wingu hangerudi, na wote wawili walilijua hilo.

Alipofika mlangoni, mwanamke alisema, "Barafu. Kesho ukitoka huko, usinawe."

Fundi aligeuka.

"Uje unawe hapa."