Kipimo cha Kidole cha Baba Mdogo

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufua sare zake za shule, kufagia uwanja, na kumpelekea baba mdogo chai kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, mtaa wa pili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo la ndege alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata nguo alizozisuuza alizipigia soga.

Jumamosi hii alifua kimya kimya, mpaka mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na uzi mfukoni, na uzi huo ulikuwa wa uongo.

Mambo yalianza wiki iliyotangulia. Baba mdogo alikuwa amebakiza siku chache amuoe fundi cherehani mmoja, ambaye Chiriku alishaanza kumwita mama mdogo bila kungoja harusi. Fundi huyo alitaka kumchagulia mchumba wake pete ya ndoa bila yeye kujua, kwa hiyo akamwomba Chiriku ampime kidole akiwa amelala. Chiriku aliifanya kazi vizuri. Baba mdogo alipolala kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, Chiriku alimzungushia uzi kwenye kidole cha pete, akaukata pale ncha zilipokutana, kisha akauhifadhi ndani ya daftari la hisabati. Siku mbili baadaye alilifungua daftari hilo uwanjani, upepo ukavuma, na uzi ukaenda zake. Aliutafuta mpaka akachoka. Kusema ameupoteza aliona aibu, maana alishajisifu kwamba kazi zake ni za uhakika. Basi akakata uzi mwingine, akaupima kwenye kidole gumba chake mwenyewe, akajipa moyo kwamba tofauti itakuwa ndogo.

Saa nne fundi cherehani alimpitia, wakaenda kwa sonara. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, meza ya kioo mbele na benchi la kazi nyuma. Sonara, mzee mwenye miwani minene, aliuliza kwanza bwana harusi anafanya kazi gani. Aliposikia ni mchomeleaji, aliondoa mezani pete zote zenye nakshi na vito, akieleza kwamba mikono ya kazi ngumu hukwaruza nakshi na kung'oa vito. Akabakiza tatu: nyembamba ya dhahabu, pana ya fedha, na moja ya dhahabu isiyong'aa sana, ya upana wa kadiri, yenye kingo laini. Fundi cherehani alizigeuzageuza kwenye mwanga, akashindwa kuamua, akamuuliza Chiriku. Chiriku aliinyooshea kidole ile ya tatu, basi.

Sonara akauchukua uzi, akauzungusha kwenye chuma cha kupimia pete, akakunja uso.

"Mchomeleaji huyu ana vidole vya msichana," alisema. "Ulimpima wewe?"

"Ndiyo," alijibu Chiriku.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza. Sonara alisema basi pete itabidi ikatwe kipande na kuungwa upya, kisha majina yachorwe kwa ndani, na baada ya hapo hairudishwi. Akachukua msumeno mdogo mwembamba kama unywele. Kichwani mwake Chiriku alimwona baba mdogo siku ya harusi, mbele ya ndugu na jamaa, pete imekwama kwenye ncha ya kidole, na mama mdogo akiwa hajui aangalie wapi.

"Usikate, babu," alisema. "Huo si uzi wa kidole chake. Ni wa gumba langu."

Akaeleza yote, macho yakiwa sakafuni. Fundi cherehani alikaa kwenye kigoda. Sonara akaweka msumeno chini, akasema kwamba dhahabu bado ni nzima na hakuna kilichoharibika, ila wamlete mwenye kidole.

Wakaenda karakana. Baba mdogo alivua miwani ya kazi, akasikiliza, kisha akaketi juu ya rundo la vyuma na kushusha pumzi ndefu. Kumbe naye alikuwa na lake moyoni, akawasimulia. Mwenzake mmoja aliwahi kunaswa pete na mashine, nusura apoteze kidole. Tangu harusi ilipopangwa, alikuwa akiogopa kumwambia mchumba wake kwamba kazini hataweza kuvaa pete, asije akadhani anaficha kwamba ana mke.

Fundi cherehani alimshika mkono ule uliojaa makovu ya cheche. "Kazini uivue," alisema. "Mimi nataka mume mwenye vidole kumi."

Wote watatu wakarudi dukani. Pete ya tatu ilipanda kidoleni, ikagoma kidogo kwenye kifundo, ikapita, ikatulia. Ilimtosha vilevile ilivyokuwa, bila kukatwa hata chembe. Chiriku alihisi kama ameshushiwa gunia la mchele mabegani.

Sonara alipokuwa akichora majina, Chiriku aliomba radhi. Fundi cherehani akamvuta karibu.

"Kupoteza uzi si kosa kubwa, mwanangu. Mimi ni mshonaji, ningekupa mwingine siku ileile. Kosa ni kuficha. Leo umesema kweli kabla ya msumeno, tukapona. Siku nyingine sema mapema zaidi, usingoje mpaka msumeno ushikwe." Akamgeukia bwana harusi. "Na wewe umenisikia."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akaivua pete, akamkabidhi mchumba wake aitunze mpaka siku ya harusi.