Mwezi wa Bibi na Kalenda ya Papa Bella

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nilifagia mbele ya duka la Papa Bella, hapa kwetu Bwiza, mjini Bujumbura. Nilianzia mlangoni, nikapita chini ya benchi la wateja, nikamalizia kwenye mtaro. Papa Bella, ambaye jina lake hasa ni Herménégilde, alikuwa ndani akipanga sabuni na kunitupia jicho. Bibi yangu, Bi Khadidja, alisimama ng'ambo ya barabara, kanga kiunoni, naye hakuniondolea macho hata kidogo. Wapita njia waliniona na ufagio wangu, na mtaa mzima ulijua kwa nini nafagia.

Nisiwafiche. Niliiba. Ilikuwa siku ya nne ya Idi, tarehe tatu Aprili. Nilichukua pakiti mbili za biskuti katika duka hilo nikazificha ndani ya ushungi, na Papa Bella akanikamata nikiwa bado natafuna. Tukaenda kwa mkuu wa mtaa, Mama Irène, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa. Hapo ikaandikwa karatasi: kwa miezi sita Mwantum, yaani mimi, ataangaliwa. Hataingia dukani bila mtu mzima, na kila Jumamosi atafagia. Akiiba tena katika muda huo, kesi itakwenda polisi, na mkurugenzi wa shule ataamua kama anabaki shuleni au anafukuzwa. Niliweka sahihi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule niliipenda kuliko biskuti zote za Bujumbura, ila siku ile ya biskuti sikukumbuka.

Basi Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba nilirudi kutoka kufagia nikamkuta Bibi amepika chapati na maharagwe. Chapati asubuhi! Kwetu hizo ni za sikukuu.

"Tuna mgeni, Bibi?"

"Mgeni ni we," akasema huku akicheka. "Kaa ule. Leo umemaliza. Miezi sita imetimia."

Bibi hahesabu miezi kwa kalenda. Ni mtoto wa Waislamu wa zamani wa mji huu, na kwake mwezi ni ule unaoandama angani. Akiuona mwembamba juu ya bati la jirani, mwezi mpya umeanza. Ramadhani ikiisha, anahesabu mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu, mpaka Ramadhani nyingine ikaribie.

"Uliiba tarehe nne mfungo mosi," akasema. "Leo ni tarehe nne mfungo saba. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu kwa vidole. Kweli ilikuwa sita. Bibi akanivuta kifuani, akanibusu utosini.

"Miezi sita hukugusa kitu cha mutu! Mi nilijua. Niliwaambia wote, huyu si mwizi, huyu ni mutoto aliyeteleza tu."

Nikairudisha chapati sahanini, kwa sababu haikuwa kweli. Mwezi wa Juni, Jumamosi moja Bibi alipokuwa akisalimiana na jirani, nilichukua kichongeo cha kijani kilichokuwa pembeni ya kaunta. Hakuna aliyeniona. Kilikaa chini kabisa ya begi langu la shule, na sikuwahi kuchonga nacho hata penseli moja, nikiogopa kuulizwa kimetoka wapi. Asubuhi ile nilitaka kumwambia Bibi. Lakini alikuwa amefurahi mno, jamani, na chapati zilikuwa za moto. Nikanyamaza nikala.

Jumatatu baada ya shule akanituma chumvi. "Nenda peke yako," akasema kwa maringo, kama ananituma Ulaya. Rafiki yangu Nella akanisindikiza.

"Jumapili ni harusi ya dada yangu," Nella akaniambia njiani. "Wasichana wote tutapaka rangi kwenye kucha. We utapaka nini, unga wa muhogo?"

Nikacheka, nikampiga kofi la mgongoni. Lakini maneno yake yaliniingia. Nella akabaki nje kwenye benchi, mimi nikaingia.

Papa Bella alishtuka kuniona peke yangu. "Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Amesema muda wangu umekwisha."

"Umekwisha?" Akakuna kidevu. "Haya, kama Bi Khadidja amesema." Akaingia stoo kuchukua chumvi.

Chupa ndogo za rangi ya kucha zilikuwa juu ya kaunta. Sitasema shetani alinidanganya. Nilitazama mlangoni, nikatazama stoo, nikaacha ya waridi, nikachukua nyekundu. Nilichagua kabisa! Mtu aliyedanganywa hana nafasi ya kuchagua rangi. Nikaitia katika mfuko wa sketi.

Mfuko ulikuwa umetoboka. Chupa ikateleza, ikapasuka kwenye sementi, na rangi ikanirukia mguu mzima. Papa Bella akatoka na chumvi mkononi. Alipouona mguu wangu, chumvi ikamponyoka.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mutoto anatoka damu!"

Akapiga magoti pale pale, mtu mzima na kitambi chake, akashika kisigino changu, akavua taulo lililokuwa begani mwake akaanza kunifunga.

"Usiangalie, binti yangu, usiangalie. Mi niko hapa. Inauma?"

Nilisimama tu nikimtazama. Akaendelea kufunga, halafu akasita. Akavipeleka vidole vyake puani. Akaona vipande vya chupa. Akaniachia mguu polepole, akakaa chini sakafuni.

"Si damu," akasema.

Heri angenipiga. Alinitazama tu, kisha akasema Jumatano tutakutana kwa Mama Irène.

Nje, Nella alikuwa amesikia yote. "Sikiliza, sema chupa nilikupa mimi. Mi nitakubali."

"Wakikuuliza uliipata wapi?"

"Nitatafuta jibu hapo hapo. Mwantum, we utafukuzwa shule! Nitakaa na nani darasani?"

Nilimshika mkono. Rafiki wa hivyo si wa kupewa mzigo wa uongo wangu. "Acha, Nella," nikamwambia. Lakini nyumbani nilikwenda nikiburuta miguu.

Papa Bella alinitangulia kwa Bibi na habari zote, na Bibi akanifinya sikio mpaka likawaka moto. Kisha akaenda kukaa nyuma ya jiko, na nikamsikia akilia. Hilo liliniumiza kuliko sikio. Baada ya sala ya magharibi akaja na uso mwingine, uso wa kwenda vitani.

"Papa Bella anadai bado ulikuwa ndani ya muda. Apana! Muda uliisha Jumamosi. Hili ni kosa jipya. Utafagia tena hata mwaka, na mi sitakuhurumia. Lakini polisi huendi, na shule huachi. Bibi yako bado hajafa."

Jumatano tulikaa katika ofisi ya Mama Irène, Bibi upande huu, Papa Bella upande ule, mimi katikati na begi langu la shule magotini. Papa Bella alikuwa amebeba kalenda kubwa aliyoing'oa ukutani. Akaikunjua juu ya meza.

"Tarehe tatu Aprili mpaka tarehe tatu Oktoba," akasema akigongagonga kwa kidole. "Jumatatu ilikuwa tarehe ishirini na tisa Septemba. Muda ulikuwa bado."

"Na hiyo picha hapo juu ni ya nani?" Bibi akauliza.

"Ni ng'ombe."

"Kumbe ng'ombe ndiye anayekuambia mwezi umeanza! Papa Bella, mwezi uko juu. Toka nje uutazame."

"Bi Khadidja, ofisi za serikali haziandiki barua kwa mwezi wa juu!"

"Na sisi tukitaka kufunga Ramadhani, tumuulize ng'ombe wako?"

Mama Irène akaficha mdomo kwa kiganja. Papa Bella mwenyewe akacheka bila kupenda, maana ni majirani wa miaka mingi na Bibi humwita kila Idi aje kula. Kisha Mama Irène akaisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Imeandikwa miezi sita tu," akasema. "Tarehe ya mwisho haipo. Hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyeandika. Bi Khadidja alipewa kazi ya kumwangalia mtoto, naye akahesabu kwa nia njema kama anavyohesabu siku zote. Siwezi kumpeleka mtoto polisi kwa siku chache ambazo sisi wenyewe hatukuelewana. Tutalichukua kama kosa jipya. Papa Bella, una neno?"

"Sina," akasema kwa unyonge. "Mi sikuja kumfunga mutoto. Ila niliogopa sana siku ile. Nilidhani ananifia mikononi mwangu, na yeye amesimama tu ananitazama."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeokoka. Polisi hakuna, shule ipo. Nilitakiwa kufurahi.

"Na andika hili pia, Mama Irène," Bibi akasema, kifua mbele. "Andika kwamba miezi sita yote mjukuu wangu hakugusa hata pipi. Karatasi hiyo nitaitembeza Bwiza nzima, nyumba kwa nyumba."

Mama Irène akavaa miwani, akachukua kalamu, akaanza kuandika jina langu.

"Usiandike!" Nilisimama, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama Irène, usiandike. Si kweli."

Nikafungua begi, nikaingiza mkono mpaka chini, nikaweka kichongeo cha kijani juu ya kalenda.

"Nilikichukua mwezi wa Juni, siku ya kufagia. Juni ni ndani ya muda kwa hesabu ya Papa Bella, na ni ndani ya muda kwa hesabu ya Bibi."

Bibi alikitazama kichongeo, kisha akanitazama mimi. Sikuthubutu kumtazama tena.

"Unajua umejifanyia nini?" Mama Irène akaniuliza. "Nilikuwa nimeshakuachia."

"Najua, mama."

"Mbona basi umesema?"

"Bibi anataka kuwaonyesha watu. Atawaonyesha uongo na yeye hajui." Nikaanza kulia, kamasi na machozi pamoja. "Anajivunia mtu ambaye si mimi."

Papa Bella alikuwa amechukua kichongeo anakigeuzageuza. "Hiki ni cha Bella," akasema taratibu. "Kilikuwa cha binti yangu, alikisahau pale kaunta. Mi nikamgombeza kwamba anapoteza vitu ovyo. Akaniapia kwamba hakukipoteza, nikamwita mwongo. Alilala analia."

Jamani, mimi nilidhani nimechukua kitu kidogo cha dukani. Sikujua kwamba kuna mtoto aliyeadhibiwa mahali pangu.

Mama Irène akaisoma tena ile karatasi. "Karatasi inasema polisi," akasema mwishowe.

"Mwenye mali ni mi," Papa Bella akajibu. "Polisi sipeleki. Mwizi wa kujileta mwenyewe, mi sijawahi kumwona. Lakini Mwantum, leo hii utakuja nyumbani umwambie Bella mwenyewe. Na mimi nitamwomba radhi binti yangu mbele yako."

Mama Irène akakubali kwa masharti. Muda ukaanza upya, miezi sita mingine, na safari hii tarehe ya mwisho ikaandikwa, ya kalenda na ya mwezi, Bibi na Papa Bella wakaihakiki wote wawili. Barua ya mkurugenzi wa shule ikaandikwa pia, na mimi ndiye niliyepewa kuipeleka.

Bella hakunisamehe jioni ile. Alichukua kichongeo chake akaingia chumbani. Ilipita wiki mbili ndipo akanisalimia, na hakuwa na kosa. Mkurugenzi naye aliisoma barua mbele yangu, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema nibaki, ila kosa lingine dogo tu na nafasi yangu atapewa mwingine. Nilimshukuru mpaka akaniambia basi, nenda darasani.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni njia ya kurudi nyumbani kutoka ofisini siku ile. Bibi alitembea mbele, haraka. Nilimfuata nyuma nikihesabu hatua zake, nikijua nimemwaibisha kuliko siku zote. Tulipofika karibu na nyumba akasimama, akanisubiri, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake.

"Nimekasirika," akasema. "Nimekasirika sana, na kesho nitakasirika tena, ujue hivyo."

"Ndiyo, Bibi."

"Lakini na mimi nimekosa. Nilihangaika na siku, zimeisha, hazijaisha, kana kwamba siku zikiisha ndio mutu amepona. Siku za kuangaliwa zina mwisho, mwanangu. Kusema kweli na kuacha cha mutu hakuna mwisho, hata pasipo na macho ya mutu, hata pasipo na karatasi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu.

"Ningeshinda ile kesi, ningerudi nyumbani na mwizi bila kujua," akasema. "Nimeshindwa, na narudi na mjukuu wangu. Twende, chai itapoa."