Kijikabati Kisichofunguka

Ijumaa ya Julai, saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa ukumbi wa kulia chakula ulipofunguliwa, ramani ya jengo ya mwaka 1928 haikuwepo ukutani. Ndiyo iliyotegemewa kuuokoa upande wa kale wa hoteli usibomolewe, na kikao cha halmashauri kilikuwa saa nne.

Inspekta Anneth alifika akitetemeka ndani ya sweta, maana Meru nzima ilikuwa ukungu mtupu. Alimkuta Pudensiana, msafishaji wa hoteli kwa miaka ishirini na miwili, kakalishwa barazani, mlinzi kamsimamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilipaka nta saa moja, nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni, nikafunga. Ramani niliiacha palepale."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi tu."

"Si unasikia?" alidakia Meneja Arnold, mikono ya shati kaikunja hadi viwikoni. "Nta mbichi, unyayo hakuna. Alitoka nayo! Mtie pingu tumalize."

Bwana Kulwant, mwenye hoteli, alitazama chini.

Anneth aliutazama ukumbi. Mama huyu angelala mahabusu leo, na kama alisema kweli, nani aliingia bila kukanyaga? Madirisha yana nondo. Akahesabu hatua ukumbini: kumi. Ofisi ya Arnold iliyopakana nao, zamani jiko: sita. Nje, barazani, kumi na saba! Lo, hatua nzima ilikuwa imemezwa na ukuta.

"Mama, chini ya ramani kuna nini?"

"Kijikabati kisichofunguka. Nacho nakipaka nta kila Ijumaa, ndivyo marehemu Sifaeli, msafishaji aliyenitangulia, alivyonifundisha."

Anneth akaenda ofisini, akaondoa kalenda ukutani. Kimlango! Akapenyeza mkono, akasukuma, na ukumbi ukaonekana upande wa pili. Zamani sahani zilipitishwa hapo. Vidole vyake vilirudi vyekundu kwa nta.

"Meneja, baridi yote hii! Hebu shusha mikono ya shati."

Arnold hakushusha. Askari aliyekuja na Anneth alimshushia: pindo la kulia lilikuwa jekundu. Ramani ilikutwa nyuma ya mafaili yake.

"Wajenzi wanaotaka kubomoa hapa waliniahidi umeneja wa ghorofa jipya," alisema kwa sauti ya chini. "Tundu nililiona kwenye ramani hiyohiyo."

"Mama Pude, pole sana," alisema Kulwant. "Rudi kazini."

Pudensiana aliuweka ufunguo mezani.

"Miaka ishirini na miwili, Bwana Kulwant, na hukuniuliza hata swali moja."

Akaondoka kwa kukatiza ukumbini, na viatu vyake, juu ya nta mbichi.