Kwa Mkono wa Mwalimu Lugendo

Kifurushi kilikuwa hakijagusa mkanda bado, na Mng'amuzi alikuwa ameshakijua. Miale yake ya kijani ilikipitia taratibu, kama mama anavyompapasa mtoto kuona kama ana homa, kisha sauti yake tulivu ikasikika ukumbini:

"Viatu vya mvua, jozi moja. Vimetoka Izmir. Mnunuzi ni Bwana Kitundu wa Nzega. Ushuru umelipwa. Apelekewe."

Mkono wa chuma ukakinyanyua kile kifurushi, ukakitia tumboni mwa droni, na droni ikapaa kupitia tundu la paa. Yote hayo yalikwisha katika muda wa mtu kupiga chafya. Nyuma yake kilikuwa kinakuja kingine, na kingine, toka Guangzhou, toka Mumbai, toka Sao Paulo, mkanda mzima, mchana kutwa.

Mhandisi Kabula Ng'wandu alisimama nyuma ya kioo, chai yake ikipoa mkononi. Alikuwa amemtengeneza Mng'amuzi kwa miaka sita na kumtazama akifanya kazi kwa minne, na bado hakuwa amechoka kumtazama.

Zamani posta ilijengwa kwa ajili ya barua. Kisha watu wakajifunza kununua vitu ng'ambo kwa kugusa simu, na barua zikapungua huku vifurushi vikimiminika kama mvua ya masika. Maghala yalijaa. Dawa bandia zilipita katikati ya nguo za watoto. Wafanyabiashara wajanja walikata shehena moja vipande mia, kila kipande na jina lake la uongo, ili wakwepe ushuru, na wenye maduka waliokuwa waaminifu wakafunga milango. Mwishowe mataifa yalikaa pamoja yakaandika Mkataba wa Hati Tangulizi: kifurushi kisivuke mpaka kabla habari zake hazijavuka. Ni nini, cha nani, kimetoka wapi, kinakwenda mkononi mwa nani. Tabora, mji wa njia panda za reli, ukachaguliwa kuwa kituo kikuu cha vifurushi vya kanda nzima, na Mng'amuzi akawekwa mlangoni. Tangu siku hiyo hakuna dawa bandia iliyopita. Wagonjwa waliopona kwa sababu hiyo hawakumjua Kabula, naye hakuwajua, lakini kila asubuhi aliwafikiria kidogo kabla ya kuanza kazi.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Bi Sauda alimpigia simu kutoka mapokezi. Bi Sauda alikuwa karani wa posta tangu enzi za mihuri ya wino. Mashine zilipokuja, wenzake waliondoka, yeye akabaki kwenye meza ya mbele, kwa sababu Kabula alikataa kumwondoa.

"Mhandisi, shuka mwanangu. Kuna mzee hapa amekuja kutoka kijiji cha Ilolambasa. Amelala stesheni. Anasema haondoki bila kuonana na mkubwa wa mashine."

Kabula alimkuta mzee mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi ingawa safari imelikunja. Bi Sauda alikuwa ameshamhamishia mto wa kiti chake mwenyewe na kumkatia nusu ya andazi lake.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimsalimia, kama watu wa huko wanavyosalimiana asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Mimi ndiye Kabula."

"Wewe? Mdogo hivi!" Akacheka. "Basi mimi ni Mwalimu Lugendo. Nimestaafu, ila sanduku la posta halijastaafu. Namba kumi na mbili. Mama, mashine yako imekamata vifurushi vyetu thelathini na vinne, ikatutumia ujumbe kwamba ni udanganyifu. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na nane. Sijaitwa mdanganyifu hata na mtoto niliyemchapa."

Kabula akafungua kibao chake cha kidijitali. Ilikuwa kweli. Vifurushi vilikuwa vimezuiwa siku ishirini na sita, na saa nane mchana treni ya marejesho ingevichukua kuvirudisha vilikotoka.

"Mng'amuzi," aliita, "eleza sanduku la kumi na mbili, Ilolambasa."

"Sanduku moja," sauti ikajibu kutoka ukutani. "Mwenye ufunguo mmoja. Wanunuzi thelathini na wanne, na kila jina limefuatwa na maneno: kwa mkono wa Mwalimu Lugendo. Mpangilio huu unafanana na shehena iliyokatwa vipande. Uhakika ni asilimia tisini na tisa."

Mwalimu aliitazama ile sauti ukutani, halafu akamtazama Kabula. "Sasa hapo uongo uko wapi? Yote iliyoyasema ni kweli."

Bi Sauda akaangua kicheko. Kabula hakucheka. Aliyajua maneno yale. Alikulia kijijini, na barua yake ya kuitwa sekondari ilifika kwa mkono wa mwenye duka, aliyetembea nayo kilomita tisa kwa miguu na kukataa hata maji. Vijiji vingi havina mtaa wala namba ya nyumba. Mtu mmoja anayeaminika huwa na sanduku, na kijiji kizima huandika jina lake chini ya majina yao. Kabula alikuwa amemlisha Mng'amuzi mifano elfu kumi ya matapeli wa mijini. Sanduku la kijiji hakumlisha hata moja. Alikuwa amemfundisha wezi, akasahau kumfundisha majirani.

Sheria ilimruhusu mhandisi kumpinga Mng'amuzi, kwa kidole chake na jina lake. Lakini akikosea, kituo kingeweza kunyang'anywa kibali cha kupokea mizigo ya nje, na mji wote ungelala njaa. Hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

"Mwalimu," alisema, "hawa watu unawajua?"

"Kuwajua? Nimewafundisha nusu yao kuandika majina hayo."

"Basi Mng'amuzi atataja jina. Wewe utasema kilichomo ndani ya kifurushi. Hujawahi kuviona, na hati zake hazikufikii wewe. Tuone."

Mwalimu akavuta pumzi, akakaa sawa kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Masele Kiyungi," Mng'amuzi akasema.

"Kitambaa cha zambarau, cha gauni la mkewe. Mkewe hajui, tafadhali mama, msitangaze."

"Sahihi."

"Tabu Nkwabi," Mng'amuzi akaendelea.

"Kiatamishi cha vifaranga. Huyo ananiuliza kila siku, mpaka sasa napita njia ya nyuma."

"Sahihi."

"Elikana Lugendo," Mng'amuzi akataja.

Mwalimu akakohoa. "Huyo ni mimi. Nyuzi za gitaa."

"We!" Bi Sauda akapiga makofi. "Gitaa, Mwalimu?"

"Msinicheke. Uzee una mchana mrefu."

Jina lilifuata jina. Miwani ya fundi cherehani. Kipande cha pampu ya maji ya zahanati. Viatu vya mpira vya binti anayekimbia mashindano, namba thelathini na nane, na mguu wa kushoto ni mkubwa kidogo. Mwalimu hakuwa na karatasi. Alikuwa na watu kichwani, kila mmoja na kile alichokuwa akikisubiri, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekuja barazani kwake kumwambia, na yeye alikuwa amesikiliza. Kabula aliangalia kibao. Ile asilimia tisini na tisa ilikuwa ikishuka: sabini, hamsini, ishirini. Moyoni aliona fahari ya ajabu, hakujua kama ni kwa ajili ya mashine iliyoweza kubadili mawazo au kwa ajili ya mzee aliyeibadilisha.

"Kashinje Mabula," Mng'amuzi akasema.

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Kashinje Mabula," Mng'amuzi akarudia.

"Vifaa vya masikio," mzee akasema polepole. "Viwili. Vile vidogo vinavyoingia ndani kabisa. Mjukuu wake alizaliwa Muscat, akawa anamwimbia bibi kwenye simu, na bibi anaona midomo tu inacheza. Akaniambia, Mwalimu, vikija usivilaze hata siku moja, niletee usiku usiku."

"Sahihi."

"Tumemzika Jumapili," Mwalimu akasema.

Mkanda uliendelea kunguruma nyuma ya kioo. Bi Sauda alinyanyuka, akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka mikononi mwa mzee na kuishika mikono ile kwa muda.

Kabula akarudi kuangalia tarehe. Kifurushi cha Kashinje kilikuwa kimefika Tabora siku ishirini na sita zilizopita. Droni ingekifikisha Ilolambasa jioni ile ile.

Aliweka kidole chake juu ya kioo cha kibao, na jina lake likatokea chini ya majina thelathini na manne.

"Upinzani umepokelewa," Mng'amuzi akasema. "Taja sababu, ili nijifunze."

Kabula alifikiri. Aliandika na kufuta, akaandika tena. Mwishowe alitengeneza nafasi mpya ndani ya hati, ambayo haikuwamo katika Mkataba, chini ya mnunuzi na juu ya anwani. Akaiita Mkono: mtu anayeaminiwa na wengine kuwafikishia. Ingebidi aitetee mbele ya wajumbe wa mataifa, na alijua wangemuuliza maswali magumu. Angeenda na Mwalimu.

"Kuna masanduku mengine ya namna hii?" akauliza.

"Mia nne na sita yamezuiwa kwa sababu hiyo hiyo," Mng'amuzi akajibu. "Nayaachilia?"

"Nionyeshe moja moja. Na kila moja, mpigie simu Mkono wake kwanza, umsikilize."

Droni thelathini na tatu zikapaa kabla ya adhuhuri, na zambarau ya Masele ikiwamo. Kifurushi kimoja kidogo kilibaki kwenye mkanda.

"Mpokeaji amefariki," Mng'amuzi akasema. "Kanuni inasema kirudishwe."

"Mumewe yupo," Mwalimu akasema. "Naye hasikii vizuri. Walikuwa wanapigiana kelele kutwa, kijiji kizima tunajua wamepika nini. Mjukuu bado anaimba. Lakini kisipelekwe na droni, mama. Nyumba yenye msiba haishushiwi kitu kutoka juu. Nitakipeleka mwenyewe."

Kabula alikwenda mpaka kwenye mkanda, akakichukua kifurushi kwa mikono miwili, akamkabidhi mzee. Kilikuwa chepesi kama kifaranga. Mng'amuzi alipitisha miale yake ya kijani juu ya kifurushi, na safari hii akaipitisha pia, kwa mara ya kwanza tangu atengenezwe, juu ya vidole vyembamba vilivyokishika.

"Vifaa vya masikio, jozi moja," akasema. "Vya nyumba ya Kashinje Mabula. Kwa mkono wa Mwalimu Lugendo." Kisha akaongeza, kama aliyetafuta neno: "Apelekewe."