Lipu ya Mama Mkwe

—Anuar, geuza simu, nataka kuona ukuta.

—Ukuta upi, mpenzi?

—Wa nyumba yetu! Kwani una mwingine?

Anuar akageuza simu, akamwonyesha mbingu.

—Hayo mawingu, Anuar.

—Ni mtandao wa huku Mocímboa, Hafsa. Si unaujua!

Akakata. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi.

Hafsa alikuwa arquiteta, mchoraji wa majengo, kasomea Maputo, na siku hizo alikuwa Pemba ya huko huko Msumbiji kikazi. Nyumba ambayo wangehamia baada ya ndoa aliichora mwenyewe: paa bapa, madirisha marefu ya kulala, na kuta za zege tupu, bila lipu wala rangi. Mtindo huo, alimwambia mchumba wake, unaitwa brutalismo. Anuar, muuza vipuri vya pikipiki, hakuelewa kitu, lakini kwa jinsi alivyompenda, angekubali hata nyumba ya kuning'inia.

Asiyekubali alikuwa mama yake, Bi Chamima. Hafsa alipoondoka tu, akaita mafundi. Kuta zikapigwa lipu, zikapakwa rangi ya waridi, na mlangoni zikasimamishwa nguzo mbili zenye maua ya saruji. Anuar aliona yote, asimwambie Hafsa.

Jioni meseji ikaingia: "Wiki nzima unanionyesha mbingu. Huyo mwanamke uliyemweka kwenye nyumba yangu anaitwa nani?"

Akajibu: "Wallahi hakuna mwanamke." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Isipokuwa mama."

Kesho yake alfajiri Hafsa akapanda gari. Alipofika mtaani akaipita nyumba yake bila kuitambua. Akarudi, akamkuta Anuar mlangoni.

—Anuar.

—Naam.

—Nyumba yangu iko wapi?

—Imo humo humo. Chini ya lipu.

Hafsa akaizunguka, mkono kichwani.

—Hii si modernismo. Si art déco kama majengo ya zamani ya Wareno. Hii ni keki ya harusi!

—Mama anasema inapendeza.

—Na wewe unasemaje?

Anuar akaangalia viatu vyake.

—Mimi nasema... nyote mna haki.

—Basi mwoe mama yako!

Akavua pete, akamtia mkononi. Hapo Bi Chamima akatoka ndani, brashi ya rangi mkononi.

—Shikamoo, mama, akasema Hafsa. Hasira haikumsahaulisha adabu.

—Marahaba, mwanangu. Mbona pete anayo mwanaume?

—Mama, kwa nini umeipaka nyumba yangu bila kuniuliza?

Bi Chamima akaweka brashi chini.

—Vita vilipotulia tukarudi toka ukimbizini, nilikuta nyumba yangu imechomwa. Lipu yote ilidondoka, zikabaki kuta za kijivu kama hizo zako. Nilipoziona zako, nililia. Nikasema, wanangu hawalali humu.

Hafsa akakaa kwenye ngazi. Chuoni walimfundisha kwamba zege tupu ndio ukweli wa jengo. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeuona ukweli huo akalia.

—Ungeniambia tu, mama.

—Nilimwambia huyu akuambie!

Wote wawili wakamgeukia Anuar.

—Nilikuwa natafuta wakati mzuri, akasema.

—Huku unanionyesha mawingu?

—Mawingu? Bi Chamima akauliza, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Nguzo ikatikisika.

—Na hizi nguzo, mama, zinabeba nini?

—Hazibebi kitu. Mapambo.

—Basi zitoke. Lipu ibaki.

—Na rangi?

—Nyeupe.

—Nyeupe ya hospitali? Sitaki!

Wakabishana mpaka alasiri, Anuar akiwaletea chai kwa kunyata. Mwisho wakatua kwenye bluu hafifu, kila mmoja akiamini kashinda.

—Na mimi je? Anuar akauliza, pete bado kiganjani.

—Wewe vunja nguzo, akasema Hafsa. Ukimaliza, njoo uniambie jambo moja la kweli bila kuangalia viatu.

Alizivunja siku hiyo hiyo. Akaja na vumbi mpaka kwenye kope, akamtazama usoni.

—Hafsa, hiyo brutalismo yako siipendi. Sikuipenda tangu siku ya kwanza.

Hafsa akanyoosha mkono.

—Haya, nivishe.

Ijumaa iliyofuata shehe akafunga ndoa yao kwenye veranda ya bluu, na vigelegele vya Bi Chamima vikasikika mpaka sokoni.